Plasta ilinibandukia, nikajifunza kuchagua fundi

Ukuta wa sebule ulianza kutoa unga mweupe, kisha plasta ikabanduka vipande vipande. Nyumba yenyewe haina miaka miwili, hapa hapa Malindi. Nikaokota kipande, nikakigusa kwa ncha ya ulimi (msinicheke). Chumvi tupu! Fundi alipiga plasta kwa mchanga wa ufuoni, nami nililipia wa mto.

Afadhali plasta. Chumvi hiyo ikifika kwenye nondo, chuma hushika kutu, hufura na kupasua zege kutoka ndani.

Safari ya pili bei sikuiuliza kwanza. Nilimwomba fundi anipeleke kwenye nyumba aliyoijenga zamani, iliyokwisha kupigwa na masika kadhaa, nikazungumza na mwenye nyumba fundi akiwa nje. "Mwanangu, huyu hula jasho lake, si la mtu," mama akaniambia. Jina la fundi nikalitafuta pia kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011.

Tukaandikiana: malipo kwa hatua, mchanga na saruji nanunua mwenyewe. Lori likifika, natia mchanga kwenye chupa ya maji, natikisa, naacha utulie. Tope likizidi, au nikiyaonja maji yakawa na chumvi, lori linarudi.

Bahati nzuri kuta zilijengwa na fundi mwingine. Tulibandua plasta yote hadi kwenye mawe ya matumbawe, tukapiga upya. Masika yamepita. Bado naupapasa ukuta kila asubuhi; mkono unatoka mkavu.