Bushi 300 usiku mmoja bila mtu kwenye mashine: ninavyozuia mbovu zisipite

"Pima ya kwanza na ya mwisho, zote mbili zikiwa nzuri, za katikati nazo ni nzuri." Ushauri huu umezagaa kwenye atelie za Lubumbashi, na naomba yeyote anayekereza usiku auache leo hii.

Kazi yenyewe ni bushi za bronzi za pampu (bomba fupi ambamo ekseli huzungukia), kwenye mashine ya kukereza inayoendeshwa na kompyuta: urefu mm 25, kipenyo cha nje 20 p6 (alama ya mchoro ya kipimo kinachoruhusiwa), yaani kati ya mm 20.022 na 20.035. Kila bushi huchukua sekunde 140. Nondo ya mita 3 hutoa bushi 100, kwa hiyo nondo 3 kwenye kilishio zinatosha usiku mzima.

Usiku mmoja wa Juni ya kwanza ilisoma 20.028, ya mwisho 20.030. Mteja akarudisha tisa zenye 20.040 na zaidi. Umeme ulikuwa umekatika usiku wa manane, na uliporudi sentineli, mlinzi wa usiku, akabonyeza kitufe cha kuanza kama alivyoelekezwa. Kosa si lake. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200, na Juni usiku baridi hushuka chini ya digrii 10. Mashine ilikuwa imepoa. Mashine yangu ikiwa baridi hukereza kubwa kwa mikroni (elfu za milimita) 12 hadi 15, kisha hurudi yenyewe baada ya dakika 20 hivi. Asubuhi hakuna alama yoyote inayobaki, na bushi zote zimechanganyika kwenye ndoo moja.

Niliambiwa ninunue onduleri kubwa, kifaa cha kutoa umeme wa akiba. Ya kubeba mota ya spindo, inayozungusha nondo, ina bei ya mashine nyingine ya mtumba. Suluhisho lilikuwa ndani ya Fanuc yenyewe, kompyuta inayoendesha mashine. Vigeugeu, yaani nafasi za kumbukumbu zenye namba, kuanzia #100 hadi #199 hufutika umeme ukikatika; vya #500 na kuendelea hubaki. Basi programu ya kupasha moto, dakika 20 spindo ikizunguka na mihimili ikitembea, huishia kwa #101=1. Programu ya bushi nayo huanza hivi:

IF [#101 EQ #0] THEN #3000=1

#0 ni kigeugeu kisicho na kitu, na #3000=1 huita alamu inayosimamisha mashine. Umeme ukikatika, #101 nayo inabaki tupu. Anayebonyeza kuanza anapata alamu, na hakuna bushi inayokatwa mpaka mashine ipashwe tena. Kuna mtego mmoja: ukiweka onduleri ndogo kwenye kompyuta ya mashine peke yake, #101 haifutiki na kinga yote imekwenda. Zima umeme kwa makusudi mchana ujaribu, kabla ya kuiamini usiku. Watu hulalamika kwamba mashine itasimama hadi asubuhi. Na isimame! Bushi 120 nzuri zinauzika, 300 zenye mbovu zisizojulikana ziko wapi zinakufukuzia mteja.

Kitu cha pili, na hiki nakipenda kuliko vyote, ni makopo. Chini ya mdomo wa kutolea bushi kuna sahani inayozunguka yenye makopo 15 ya maziwa ya unga, yenye namba, kila moja na sifongo chini kwa sababu bronzi huumia kingo ikidondoka. Sahani inaendeshwa na mota ya waipa niliyoipata komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwenye vipuri vya magari ya zamani, kwa pesa kidogo tu. Hesabu iko kwenye #501. Kila ikifika 20, M-kodi (amri ya programu) ya ziada inavuta relee, swichi ya umeme, na kopo linasogea. Kopo moja ni dakika 47 za usiku. Asubuhi napima ya juu na ya chini katika kila kopo, vipimo 30. Kopo likiwa na shaka, napima zote 20 pamoja na makopo mawili ya jirani.

Sikubali mpaka wa mchoro asubuhi. Nakubali 20.025 hadi 20.032, kwa kuwa mikromita na mkono wangu hupishana mikroni 2 au 3. Bushi zioshwe mafuta, zikae saa nzima kwenye bamba moja na mikromita. Bronzi ya mm 20 hutanuka karibu mikroni 3.6 kwa kila digrii 10, kwa hiyo bushi iliyoshikwa kiganjani muda mrefu husoma uongo.

Plaketi, kile kisu kidogo cha kukatia, naibadilisha jioni hata kama bado inakata. Kwenye bronzi hii yangu hufika bushi 900, mimi naitoa kwenye 600. Chukua isiyo na rangi ya mipako, yenye makali yaliyong'arishwa.

Kuhusu chembechembe za kukereza: bronzi yenye madini ya risasi huzitoa fupi kama mchanga, na huingia kwenye pensi inayobana nondo. Nondo ikisukumwa juu yake, bushi inatoka imepinda, na kipenyo hakitakuonyesha. Utaiona tu ukiizungusha chini ya saa ya kupimia. Weka pumzi ya hewa sekunde 2 kabla pensi haijafunga, na hakikisha kompresa haizimwi na anayefunga atelie jioni.