Kinyungu cha babu
Jana tumepita nyumba kwa nyumba kijijini kwetu, wilayani Mufindi, tukiwaomba watu waje mkutano wa kijiji kuzungumzia tabianchi na mto wetu. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni ziachwe, na vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni, vimefika hadi ukingoni. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, jamani!

Babu mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, mvua zenyewe siku hizi zinachelewa. Nikiacha kinyungu tutakula nini?"

Nilinyamaza. Ana haki kabisa. Tulikaa naye hadi jua linazama, tukaongeza ombi kwenye barua yetu kwa halmashauri: umwagiliaji kwanza, ndipo watu watoke bondeni. Akasaini wa kwanza. Mkutano ni Jumatano, saa nne asubuhi.