Jumatatu, Usiku Usio na Mchezo

Leo ni Jumatatu, na kwa kawaida Jumatatu hakuna mchezo. Tangu mwaka 2021 timu za ligi ndogo za besiboli hapa Marekani hucheza kuanzia Jumanne hadi Jumapili, michezo sita dhidi ya timu ileile katika mji uleule, kisha siku ya saba wachezaji hupumzika au hupanda basi kuelekea mji mwingine. Kwa hiyo simu yangu imetulia, nami nimepata nafasi ya kuandika juu ya jambo ambalo siku nyingine zote sita hunichukua mapumziko yangu yote ya saa sita usiku, yaani kufuatilia vijana wa ligi hizo kwenye simu.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, na nilikulia katika nyumba ambamo redio ilikuwa ya taarifa ya habari na mpira wa miguu. Besiboli niliikuta hapa Des Moines, jimbo la Iowa, mwaka 2022, nilipoanza kazi ya zamu ya usiku katika nyumba moja ya kulelea wazee. Katika vyumba nilivyopangiwa kulikuwa na mzee mmoja aliyelima mahindi maisha yake yote, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kutoweza kusoma hata maandishi makubwa. Usiku wa kwanza, baada ya kumlaza na kumfunika vizuri, aliniomba nimsomee kidogo kabla hajalala. Nilidhani anataka Biblia, maana ilikuwa juu ya meza yake. Alichotaka ni kujua vijana wa Chicago Cubs walikuwa wamefanya nini jioni ile, na hakuwa na maana ya wale wa Chicago kwenyewe, bali wale walioko njiani.

Ilinichukua wiki kadhaa kuielewa hiyo njia. Ligi Kuu ya besiboli, ambamo Cubs wamo, ina timu 30, na kila moja ina timu nne chini yake, zilizopangwa kama vidato vya shule, hivyo jumla yake ni 120, mbali na zile za mafunzo zilizoko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Kijana wa Cubs hupelekwa kwanza Myrtle Beach, pwani ya South Carolina. Akifanya vizuri hupandishwa South Bend, Indiana, kisha Tennessee, na hatimaye hufika hapa kwetu Des Moines, kwenye ngazi ya mwisho kabla ya Chicago. Uwanja wa hapa, Principal Park, uko pale mto Raccoon unapoungana na mto Des Moines, na ukikaa nyuma ya mpigaji unaliona kuba la dhahabu la bunge la jimbo likimeremeta ng'ambo ya ukuta wa mbali. Wapo wanaomaliza ngazi hizo kwa miaka miwili, na wapo wanaokaa humo miaka tisa. Walio wengi hawafiki juu kabisa.

Nilipoanza kusoma nilisoma vibaya. Nilimtajia matokeo, kwamba South Bend wameshinda na Myrtle Beach wamefungwa, na mzee akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba katika ligi ndogo ushindi si habari. Habari ni mstari wa mtu mmoja mmoja: amesimama kupiga mara ngapi, amefika besi, yaani kituo cha kukimbilia, mara ngapi, ametolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha ipite, mara ngapi, na kama ni mrushaji, ametupa mipira mingapi hadi kocha akamtoa. Akanielekeza nifungue droo ya chini ya kabati lake, nikatoa daftari lenye visanduku vidogo vilivyojazwa kwa penseli, kurasa kwa kurasa, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa akiona vizuri zamani.

Daftari lile ndilo lililonifundisha. Kila mchezaji uwanjani ana namba ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, walinzi wa besi ni 3, 4 na 5, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6, na watatu wa nyuma ni 7, 8 na 9. Ukiona 6-4-3 ndani ya kisanduku, ujue mpira ulimfikia wa sita, akamtupia wa nne, naye akamtupia wa tatu, na watu wawili wametoka kwa pigo moja. Mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu huandikiwa herufi K. Lakini K ikiandikwa kwa kugeuzwa, mgongo wake upande wa kulia, maana yake ni kwamba straiki ya tatu ilimpita akiwa ameshika gongo lake bila kulitikisa. Mzee alikuwa akiuliza kila mara kama K ni ya kawaida au ya kugeuzwa, kwa sababu kwake hayo yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa: mmoja alijaribu akakosa, mwingine alidanganywa. Kwenye majedwali ya simu tofauti hiyo haionekani, hivyo nilizoea kufungua maelezo ya kila pigo moja baada ya jingine ili nipate jibu lake.

Majedwali hayo huficha mengine pia. Pigo la ovyo lililodondoka katikati ya walinzi watatu huhesabiwa sawa na pigo kali lililonyooka kama mshale. Mlinzi wa nyuma anayekimbia hatua 30 na kuudaka mpira akiwa ameruka huandikiwa mtu mmoja ametolewa, sawasawa na aliyesimama tu ukamwangukia mikononi. Hili nalitaja kwa sababu ya kijana tuliyemfuata kuliko wengine wote, Pete Crow-Armstrong, anayecheza nafasi ya nane. New York Mets walimchagua mwaka 2020, akaumia bega mwaka uliofuata baada ya kucheza michezo sita tu, na kabla hajapona akapelekwa Cubs kwa kubadilishana na Javier Báez, ambaye mashabiki wa huku walimpenda sana. Mwaka 2022 tulimsoma Myrtle Beach na South Bend, mwaka 2023 Tennessee na hapa Des Moines, na siku mbili nilizokuwa na mapumziko nilikwenda uwanjani kumtazama, kisha usiku uliofuata nikamweleza mzee kwa mikono yangu jinsi alivyoanza kukimbia kabla sikio langu halijapokea mlio wa gongo.

Septemba 2023 akaitwa Ligi Kuu. Alipata nafasi rasmi 14 za kupiga na hakupata hata pigo moja la kumfikisha besi. Kila usiku nilisoma sifuri ile, na mzee hakusema neno baya, isipokuwa aliniuliza tena habari za K. Msimu wa 2024 ulipoanza kijana alikuwa amerudi Des Moines, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alinifundisha kusoma mstari na kuacha matokeo. Mtu aliyeangalia Chicago peke yake angesema huyu ameshindwa. Sisi tuliokuwa tumesoma mamia ya mistari yake tulijua sifuri 14 zina uzito gani zikiwekwa juu ya misimu miwili mizima. Mwishoni mwa Aprili akaitwa tena, na tarehe 25, dhidi ya Houston, pigo lake la kwanza kabisa katika Ligi Kuu likawa la kuutoa mpira nje ya uwanja. Niliusoma mstari huo mara tatu. Mara ya tatu mzee aliniomba nisome polepole.

Lakini nisiandike kana kwamba habari zote ni za namna hiyo. Kuna ukurasa mwingine ninaousoma kila usiku, wa uhamisho, na huo ndio unaoniuma. Unasema kwa maneno machache kwamba fulani amepandishwa, fulani ameshushwa, fulani ameachwa. Neno hili la mwisho linakuja bila maelezo yoyote, na jina nililolisoma miezi mitano haliji tena. Hadi mwaka 2022 kijana wa ngazi ya Single-A, ile ya Myrtle Beach, alilipwa dola 11,000 kwa mwaka, fedha ambazo hapa Iowa hazitoshi hata kodi ya nyumba na chakula. Mwaka 2023, baada ya wachezaji wa ligi ndogo kujiunga na chama cha wafanyakazi na kupata mkataba wao wa kwanza wa pamoja, kiwango hicho kilipanda hadi 26,200, na ngazi ya juu kikafika 35,800. Nilipomsomea mzee taarifa hiyo alisema wamechelewa, lakini ni vizuri. Nami nakubaliana naye kwa moyo wote, kwa kuwa mtu anayefanya kazi usiku hapaswi kulala njaa mchana. Miji nayo huachwa. Zilipopunguzwa timu kutoka 160 hivi hadi 120 mwaka 2021, Burlington na Clinton, zote za jimbo hili, zilipoteza nafasi zao katika mfumo huo. Mzee aliwahi kwenda Clinton na baba yake akiwa mtoto, na jambo hilo hakulizungumzia zaidi ya mara moja.

Upande wangu nilileta kitu kimoja katika usomaji wetu. Nilimweleza habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alifanya kazi, akasajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Aprili 26, 2017, alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza Ligi Kuu. Pigo lake la kwanza alilipata mara ya kwanza tu aliposimama, na mrushaji alikuwa Jon Lester wa Cubs. Mzee aliikumbuka siku hiyo, ila hakuwahi kujua kijana yule alikuwa amepitia wapi kabla yake. Kisha nikamwambia kuhusu Uganda: Los Angeles Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Pirates wakamsajili mrushaji David Matoma mwaka 2023. Nilimwonyesha kwa kidole kwenye kiganja chake: hapa ni Ziwa Victoria, hapa ni Bukoba, na mpaka wa Mutukula uko karibu kiasi kwamba kwetu Masaka ni jirani kuliko Dodoma. Pirates ni wapinzani wa Cubs katika kundi lao, na mzee alifikiri kidogo kabla ya kukubali kwamba Matoma aingizwe kwenye orodha yetu. Matoma alipofika Bradenton, Florida, mwaka 2024, mzee aliniuliza Bradenton ni saa ngapi kwa Uganda, ili ajue kama mama wa kijana yuko macho.

Mzee hayuko tena hapa. Binti yake alimchukua kwenda kuishi naye Arizona mwaka jana, na siku ya kuondoka mzee alinikabidhi lile daftari, akasema kule hakuna atakayeweza kulijaza. Mimi humpigia simu kila Jumapili mchana kabla sijaenda kazini, na kabla hajaniuliza habari zangu huuliza kwanza habari za kijana wa Uganda. Mrushaji hachezi kila siku, kwa hiyo mara nyingi jibu langu huwa kwamba jina lake halikuwemo, naye huitikia taratibu kama mtu aliyeambiwa mvua haijanyesha lakini mawingu yapo. Jana ilikuwa hivyo pia. Tulihesabu pamoja siku tangu aliporusha mara ya mwisho, tukaona huenda zamu yake ikawa Jumanne.

Sasa ni saa sita na robo usiku, na chumba cha mapumziko kina mtu mmoja tu zaidi yangu, naye amelala juu ya mikono yake. Nimechonga penseli. Kwenye ukurasa wa kesho nimeandika tarehe, nikaandika Des Moines, Knoxville ya Tennessee, South Bend na Myrtle Beach, na chini yake nikaacha mstari mmoja wenye visanduku vyeupe kwa ajili ya Matoma.