Chuma cha Babu zao, Kababu Zetu

Huku Philadelphia mzee akifariki na watoto wako mbali, mara nyingi vyombo vyake huuzwa humohumo ndani ya nyumba. Watu hukimbilia saa za ukutani na vikombe vya kaure. Mimi hushuka chumba cha chini kutafuta vitu vya kuzungusha kwa mkono.

Na mji wenyewe una historia navyo. Nancy Johnson, mkazi wa hapa, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mashine ya aiskrimu mwaka 1843: unazungusha kopo lililozikwa kwenye barafu yenye chumvi, mpaka maziwa yagande. Baadaye kiwanda cha Enterprise, cha hapahapa, kikatoa vinu vya kahawa vyenye magurudumu mawili, vingine vina tarehe ya hataza, 21 Oktoba 1873, iliyosubiwa kwenye chuma chenyewe. Siku hizi vinu hivyo hupigwa rangi nyekundu na kuwekwa sebuleni kama pambo. Sipendi. Kinu kinachoweza kusaga kisage.

Kipigio cha mayai nacho ni akili tupu: gurudumu kubwa lenye meno linasukuma vigurudumu vidogo, ukizungusha mara moja mapanga yanazunguka mara kadhaa. Willis Johnson, Mmarekani Mweusi wa Cincinnati, alipata hataza ya cha kwake mwaka 1884.

Lakini kipenzi changu ni mashine ya kusagia nyama ya Enterprise. Waliokulia Unguja au Tanga wanaijua jamii yake, ile inayofungwa ukingoni mwa meza Ramadhani ikikaribia. Parafujo nene inasukuma nyama hadi kwenye kisu cha mapanga manne, kisu kinaikata dhidi ya sahani yenye matundu. Basi, hakuna siri nyingine. Mashine ya umeme niliyokuwa nayo ilikwenda mbio mno, mafuta yakapata moto, nyama ikatoka kama uji na kababu zikapasuka kwenye karai. Ya mkono inakata. Mshipa ukijisokota kwenye kisu, mkono unahisi uzito. Unasimama, unafungua, unautoa. Kwa nyama ya harusi, hapana, tutumie umeme tu jamani.

Tatizo ni nyumba za kisasa: kaunta ya jiko ni nene, skrubu ya kubania haifiki. Tafuta meza ya mbao. Ukimaliza osha kwa mkono, kausha kabisa, paka mafuta. Ukiitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo inatoka imepauka.

Ukienda kununua, fungua nati ya mbele kwanza. Kisu na sahani vilaliane bila mwanya. Kikikosekana kimoja usikate tamaa, soma namba iliyosubiwa ubavuni: 10, 12, 22 na 32 ni saizi zinazotumika hadi leo, na vipuri vinapatikana. Ila kama bati la ndani limebanduka na kutu imechimba, iache hata wakikupa bure.