Dawa ya kupe kwenye chupa ya maji, jamani

Nyinyi mnaofuga ng'ombe wa maziwa huku Unguja na Pemba, hili la kutia dawa ya kupe kwenye chupa za maji ya kunywa tuliacheni. Najua linatokea wapi, chupa nzima ghali, mwenye ng'ombe wawili anataka kidogo tu, muuza duka anampimia kwenye kichupa chochote kilichopo, kinapachikwa bandani, na dawa ikishatiwa maji inageuka nyeupe kama maziwa! Sasa kibarua wa jioni ambae hakuambiwa kitu, ana kiu, atajuaje?

Mimi nataka chupa ya kiwandani na lebo yake, hata ikibidi kuchangiana na majirani. Lebo ndio inayosema ndani mna amitrazi au oganofosfeti, sumu mbili tofauti za kuulia kupe, na hilo ndilo daktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani atakalotaka kulijua mwanzo, maana tiba si moja. Aliyekunywa oganofosfeti hutibiwa kwa dawa iitwayo atropini, amitrazi haina dawa yake hasa, mgonjwa anaangaliwa pumzi na moyo mpaka sumu imtoke.

Halafu maziwa. Mtu kanywa sumu, huyu anakuja mbio na kikombe cha maziwa, yule anamtia kidole kooni atapike. Wazee wetu walifanya hivyo na siwavunjii heshima, lakini maziwa hayaui sumu, na dawa nyingi hizi zimeyeyushwa kwenye vitu vya jamii ya petroli, akitapika zinaweza kumuingia mapafuni. Ikiwa imemmwagikia, mvueni nguo, mkosheni kwa maji mengi na sabuni. Kisha hospitali, na chupa mkononi.

Kupima kwa kifuniko nako basi tena. Ile amitrazi ya 12.5% kawaida ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji, soma lebo, tumia sirinji isiyo sindano, glovu na buti, sio kandambili, na upepo uwe mgongoni kwako unapopuliza.

(Wenye mashine za kukamulia, jiki na ile asidi ya kusafishia msizichanganye, inatoka gesi ya klorini, kibanda kidogo hamna pa kukimbilia.)

Chupa ya dawa ya kupe ikiisha isuuzeni mara 3, maji yake yaingie kwenye bomba la kupulizia, halafu itoboeni matundu, maana mkiitupa nzima kuna mtu ataiokota atie mafuta ya nazi auze.