Tiki Moja

Jumatano usiku, Free Area, Nakuru

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu nimwandikie Jirani kwa WhatsApp, na ujumbe wangu bado una tiki moja. Kila usiku kabla sijalala naufungua, nautazama, naufunga. Asubuhi kabla sijawasha jiko naufungua tena. Ni maneno manne tu: "Jirani, nisamehe. Nilikosa sana." Pembeni mwake, karibu na saa, kimekaa kile kijitiki cha kijivu.

Tuliishi ploti moja miaka saba, mlango kwa mlango, bomba moja la maji, kamba moja ya kuanikia nguo. Kifungua mimba wake alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani yangu. Alipohamia Kisumu, kule Nyalenda, hatukuacha kuitana Jirani, ingawa sasa kumwona ni kupanda gari na kuipita Kericho yote na mashamba yake ya chai. Nimemwita hivyo muda mrefu hata jina lake halisi likitajwa huwa nachelewa kidogo kujua anasemwa nani.

Wiki ya kwanza nilijiambia simu yake imeharibika. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwangu lakini haujafika kwake. Zikiwa mbili umefika, na zikigeuka buluu umesomwa, kama mwenyewe hajaficha hilo. Mtu akizima simu au bando likimwishia utaona tiki moja hivyohivyo, na WhatsApp huuhifadhi ujumbe hadi siku 30 ukimsubiri arudi hewani. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kungoja, nami nikaishika kwa mikono miwili.

Halafu nikaanza kupeleleza kama amenibloki, yaani amenizuia nisimfikie. Pale juu, chini ya jina lake, palipokuwa pakionyesha mara ya mwisho alipoonekana, hapana kitu. Picha yake imeondoka, kimebaki kile kivuli cha kichwa na mabega kisicho na uso. Nikipiga kwa WhatsApp haipiti. Statasi zake, ambazo zamani hazikupita siku mbili bila mtoto au samaki wa kukaanga, sizioni tena. Na bado ukichukua kila dalili peke yake ina maelezo mengine. Mtu anaweza kuficha muda wake wa kuonekana, na tangu 2022 anaweza kuficha hata kwamba yuko hewani wakati huu. Picha anaweza kuitoa. Statasi anaweza kukunyima wewe peke yako bila kukubloki. WhatsApp wenyewe wanasema wameziacha dalili hizi bila uhakika kwa makusudi, ili kumlinda yule aliyezuia. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikasirika sana. Niliona ni ukatili, mtu kuachwa nje bila hata kuambiwa kwamba yuko nje.

Kijana anayetengeneza simu karibu na kibanda changu alitaka kuniwekea programu ya kuonyesha nani amekuzuia. Nilikataa. Kama wenye WhatsApp hawasemi, hiyo programu inajulia wapi? Itachukua namba za watu wote walio kwenye simu yangu na kuondoka nazo. Wengine wakanishauri nifungue grupu jipya nijaribu kumtia, likikataa nijue. Mdogo wangu naye akasema nimtumie shilingi hamsini kwa M-Pesa, eti jina langu atalisoma atake asitake.

Facebook ndiko nilikoanza kuona ukweli. Nilitafuta jina lake, yakaja majina ya watu wengine kumi wanaofanana naye kwa jina, yeye hayumo. Mdogo wangu akatafuta kwa simu yake, akatokea wa kwanza. Huko ukizuiwa na urafiki unafutika hapohapo, na siku ukifunguliwa haurudi wenyewe, ni mpaka mmoja aombe upya.

Basi nikafanya jambo ambalo mpaka sasa linanisumbua. Nilimwomba mdogo wangu simu yake, nikafungua WhatsApp, nikaenda kwenye jina la Jirani. Picha ikaja.

Amesimama nje ya nyumba nisiyoijua, mlango wa bati la samawati nyuma yake, na amevaa gauni langu. Nasema langu kwa sababu nililishona mwenyewe, mwezi ule aliokuwa akifunga mizigo. Ni kitenge cha kijani cha majani ya mgomba chenye maua ya manjano. Kola yake niliifumua mara mbili kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa unanyanyuka, na sikutaka aende nalo Kisumu likiwa na kasoro. Niliikuza picha kwa vidole viwili. Kola imelala vizuri. Lakini mikono nilikuwa nimeishona ifike kwenye kiwiko, ikiishia kwa marinda, na sasa ni mifupi, imekatwa juu kabisa na kukunjwa kwa upindo mpana, ule wa fundi mwenye haraka. Bila shaka ni joto la Kisumu, pale mikono ya marinda haivaliki. Zamani angenitumia gauni kwa gari la jioni na karatasi ndani imeandikwa "punguza".

Nilirudisha simu nikaenda kuketi nje. Kujua nilishajua. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimemchungulia. Mtu amefunga mlango wake, nami nimezunguka nyumba nikapanda ndoo nikatazama dirishani. Pale ndipo hasira yangu kwa WhatsApp ilipoisha. Yuko mwanamke mahali anayemkimbia mume anayempiga, na kumzuia kimyakimya ndiyo njia pekee aliyonayo ya kulala usiku. Asingelindwa na programu inayompigia filimbi yule mwanamume kumwambia umezuiwa. Kama ulinzi huo ni wa yule mwanamke, ni wa Jirani pia, hata anayezuiwa akiwa mimi.

Na sababu ninaijua, tena tangu mwanzo. Siku hizi zote nimeuliza kama amenibloki, sikujiuliza kwa nini, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Chama chetu cha kuchangiana kina wanawake 14, wengi tuliwahi kukaa ploti ile au ya pili yake. Jirani ndiye mweka hazina, hata baada ya kuhama hatukumbadilisha, maana pesa zinapita kwa simu na hakuna aliyewahi kupoteza shilingi mikononi mwake. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba huko Mumias. Sisi 13 tukachanga elfu moja kila mtu. Familia ikapokea 9,800. Ijumaa jioni, nikiwa nimechoka, mteja ameniachia nguo bila kulipa, nikaandika kwenye grupu: "Mweka hazina, hizo 3,200 zimelala wapi? Tunataka hesabu, si hadithi."

Hakuna aliyejibu usiku ule. Asubuhi mwenyekiti akaeleza kwamba yeye ndiye aliyemwagiza atoe nauli ya wawili waliotuwakilisha mazishini na pesa ya shada la maua. Kisha Jirani akaanza kutuma zile meseji za M-Pesa, moja baada ya nyingine, nne kwa jumla, bila kuandika neno lake hata moja. Zilijumlika 3,200 kamili. Na mimi nikajibu "Sawa."

Sawa! Mtu amevuliwa nguo mbele ya wenzake, akajisitiri mwenyewe, nami namwambia sawa.

Jumamosi iliyofuata ilitoka orodha ya mchango wa mwezi. Yeye ndiye huiandika, na miaka yote kwenye orodha hiyo mimi huwa "Jirani", tena tulishazoea hivyo hata wengine wakilipa kwa niaba yangu husema "hii ya Jirani". Siku ile aliandika majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na mbele yake 500, amelipa. Niliona. Niliona nikapitisha kidole nikaendelea. Ukiniuliza leo nilizuiwa lini nitasema ni Jumamosi ile, wala haikuhitaji tiki kunionyesha. Zilipita karibu wiki tatu ndipo nikaandika yale maneno manne, nayo nikayaandika pembeni, mahali ambapo hakuna mwingine angeyaona.

Leo jioni nikiwa napiga pasi nimekumbuka kitu nilichosoma siku za upelelezi nikakipita: ujumbe unaotumwa wakati umezuiwa haufiki kamwe. Hata akinifungua kesho, yale maneno manne hayatamfikia. Hayasubiri popote. Nimekaa siku kumi na tisa nikikilinda kitu ambacho hakiendi.

Lakini kwenye grupu la chama kuzuiwa hakufiki. Anaandika namsoma, naandika ananisoma, kama kawaida. Nilikuwa nikiona meseji zake kila siku na kujisikia vibaya kwamba anazungumza na wote isipokuwa mimi. Sikuwaza kwamba mahali nilipomtukana ndipo pekee palipobaki wazi, na kwamba hapo ndipo msamaha ulipostahili kuombwa tangu siku ile, si chumbani kwa kunong'ona. SMS ya kawaida pengine ingefika. Sikutaka. Mlango alioufunga nimwachie, na niliyomfanyia hadharani niyaseme hadharani.

Nimezima pasi, nimeandika hivi:

"Jamani, naomba mnisikilize. Siku ile niliuliza habari ya 3,200 mbele yenu nyote kana kwamba mweka hazina wetu ni mwizi. Hesabu ilikuwa sawa mpaka senti ya mwisho, nami sikuomba radhi, niliandika sawa. Nilimkosea, na niliwakosea ninyi mliolazimika kushuhudia. Jirani, nisamehe. Sikuombi unijibu."

Mwenyekiti ameandika "Asante mwanangu." Wawili wameweka mikono ya dua. Yule wa Mumias, ambaye mazishi yale yalikuwa ya baba yake na sikuwahi kufikiria yeye alisoma vipi swali langu, ametuma ujumbe wa sauti wa sekunde nane akisema nilale salama.

Jirani hajasema kitu. Simu nimeiweka kifudifudi juu ya meza ya kukatia. Lile gombo la uzi wa kijani bado liko kwenye droo, limebaki nusu.

Orodha hutoka Jumamosi.