Nimeshuka melini, mwili bado uko ziwani
Jana nimevuka Ziwa Victoria kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ziwa limechafuka kweli. Nimefika Mwanza, nimeshika nguzo pale gatini, lakini mwili bado unapanda na kushuka na mawimbi. Ndani ya sikio kuna vifereji vitatu vinavyohisi kichwa kikizunguka, na vijiwe vidogo vya chokaa vinavyohisi mvuto wa dunia na kusukumwa. Vijiwe pekee haviwezi kutofautisha kuinama na kusukumwa! Ndipo seli ya neva kwenye shina la ubongo inapokea habari za vifereji na za vijiwe, inazijumlisha, zikitosha inarusha ishara. Seli moja, jamani! Nimeliwaza hilo hadi usiku, kitanda changu huko Kirumba, humu humu Mwanza, kikiyumba taratibu.